Mtu wa Saba

Kwanza niseme kwamba Mzee Tigi nilimpenda kabla sijamkasirikia, na hadi leo sijaacha lolote kati ya hayo mawili. Jina lake kwenye vyeti ni Warren Teague. Watanzania wa kanisani kwetu ndio waliomgeuza kuwa Tigi, na jina likamkaa. Ni mzungu wa mji wa Falls Church, Virginia, mrefu, mwenye masikio makubwa na viatu vya ngozi alivyovitia soli mpya mara nyingi kuliko nilivyobadilisha kazi. Ukimwona mara ya kwanza utadhani anauza bima. Halafu anafungua kinywa na kukuuliza taratibu, kwa Kiswahili cha zamani, "Umeamkaje, mama? Watoto hawajambo? Na shamba linaendeleaje?" Na wewe unaishi ghorofa ya tisa Alexandria, shamba lako ni ndoo moja ya sukuma wiki pale dirishani.

Mimi ndiye niliyemleta kanisani, kwa hiyo lawama nyingine ni zangu. Mwaka 2001 nilikuwa namtunza mkewe, Ruth, katika miezi yake ya mwisho. Hiyo ndiyo kazi yangu, kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Siku moja niko jikoni kwao, simu begani, nagombana na shemeji yangu wa Mombasa, nikasikia kikombe kimeanguka. Tigi alikuwa amesimama mlangoni machozi yanamtoka. Akaniambia kwamba alifundisha hesabu karibu na Bukoba tangu 1967 hadi 1969, na kwamba hajasikia mtu akigombana kwa Kiswahili tangu wakati huo. Tulipomaliza kumzika Ruth, nilimpeleka kwenye ibada yetu ya Kiswahili Jumapili iliyofuata. Hakuondoka tena.

Kati ya Bukoba na sisi alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na nne alitembea Virginia ya kaskazini na kile kifaa chao cha miguu mitatu, akipigilia vigingi vya chuma kwenye mipaka ya viwanja vya watu. Kila kitu kwake kilikuwa na kipimo. Akikuambia atakuja saa tatu, saa tatu kasoro dakika moja yuko chini anasubiri. Alipostaafu kanisa lilimpa funguo za basi letu dogo, akawa anazunguka kila Jumapili kukusanya watu, wale wa Lanham kwanza, kisha sisi wa Alexandria. Hata mwanangu Ryan, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, kwa Tigi alijitahidi kusema asante.

Tulijivunia mzungu wetu, lazima nikiri. Ukipata barua usiyoielewa, mpelekee Tigi. Fomu ya uhamiaji, mpelekee Tigi. Mimi nina diploma, na Kiingereza nilifundishwa kwa kiboko tangu darasa la kwanza, lakini barua ikiwa na muhuri nilimpelekea vilevile.

Sasa nije kwa Anatoli. Anatoli Rweyemamu ni Mhaya wa Bukoba, mtu wa miaka hamsini, mpole mpaka anakera. Alikuwa anaegesha magari ya wageni katika hoteli moja ambayo sitaitaja, wala kaunti yake sitaitaja. Jumamosi moja ya Oktoba 2006 kulikuwa na harusi pale. Mgeni mmoja, mzungu aliyekwisha kunywa, aliacha gari lake mbele ya mlango wa dharura. Anatoli akamwomba ufunguo ili alisogeze. Yule bwana akamkamata kola. Anatoli akainua mkono ajinasue, yule bwana akateleza kwenye ngazi na kuvunjika mfupa wa shavu. Polisi walipofika walimsikiliza mwenye gari akiwa ameketi kwenye kiti, barafu usoni. Anatoli walimsikiliza akiwa amelala kifudifudi, pingu mkononi.

Alishtakiwa kwa kujeruhi. Alikuwa na green card, imebaki miezi mitano tu aombe uraia. Wakili aliyepewa na mahakama alimweleza kwa dakika kumi kwamba akipatikana na hatia atafungwa, na akimaliza kifungo atapandishwa ndege. Mkewe Honorata na mabinti wao wawili wangebaki hapa, au wangemfuata na kuanza moja. Aliachiliwa kwa dhamana, akapewa karatasi ya masharti.

Tukakutana nyumbani kwa Anatoli siku chache baadaye, mwenyewe akiwa kazini. Aliyetuita ni Phineas, Mmeru, mwalimu mstaafu, ambaye kwetu ndiye mzee wa kanisa.

"Huyo mtu ameumia," Phineas akasema. "Iwe ni makosa ya nani, ameumia. Na hakuna mtu wetu ameenda kumjulia hali?"

Kwao Meru, kwetu Murang'a na kwao Bukoba, jambo hili ni moja. Damu ikimwagika, wazee huenda. Aliyeshtakiwa haendi mwenyewe, maana akionekana atawasha moto upya. Wanaenda watu wazima, mikono haiendi mitupu, na msemaji huanza kwa kujishusha hata kama haki iko upande wake. Ukweli mnautafuta baadaye, mkiwa mmekaa.

Tigi alikuwapo siku hiyo na macho yalimwaka. Akatusimulia jinsi mwaka 1968 alivyoona wazee wakipatanisha majirani wawili waliokatana panga kwa ajili ya mpaka wa shamba, na jinsi walivyogawana kahawa ya kutafuna. Kahawa hiyo hainywewi. Ni buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, zikakaushwa, na kwa Wahaya mgeni akipewa mbegu hizo ajue amepokewa. Honorata alikuwa na akiba yake kutoka kwa mama yake.

"Twende," Tigi akasema. "Mimi nitaendesha gari."

Karatasi ya masharti ilikuwa hapo mezani. Niliichukua nikaisoma. Kiingereza chake kilikuwa wazi kabisa: mshtakiwa asiwasiliane na mlalamikaji, yeye mwenyewe wala kwa kupitia mtu mwingine. Nilisoma nikaelewa. Halafu, badala ya kusema nilichoelewa, nilimgeukia Tigi kumwuliza kama nimeelewa.

"Mzee, hii line hapa. Si inasema hata sisi tusiende?"

Alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu, na nakumbuka kidole chake kilivyosimama kwenye mstari ule. Akamtazama Phineas, kisha akamtazama Honorata, ambaye tayari alikuwa anafunga kahawa kwenye kitambaa cheupe.

"Hii wameandika kwa ajili ya watu wabaya," akasema. "Sisi tunakwenda kwa amani. Haina neno."

Basi nikaridhika. Sote tuliridhika, kwa kuwa mwenye nchi amesema. Nimefanya ujinga mwingi maishani, lakini huo ndio ninaoufikiria nikiwa peke yangu kwenye basi.

Jumapili ya tarehe ishirini na tisa, baada ya ibada, tulikwenda watu saba nyumbani kwa yule aliyeumia. Phineas, Honorata, mimi, mume na mke kutoka Lanham, kaka mmoja Mkongo anayetengeneza kompyuta, na Tigi kwenye usukani. Tulivaa nguo zetu za kanisani. Mke wa yule bwana alifungua mlango nusu, macho yakamtoka. Tigi akasogea mbele, akamsalimia kwa jina la mumewe lililokuwa kwenye ile karatasi, na kueleza tumeleta amani, na mlango ukafunguka wote. Tulikaribishwa sebuleni, tukaletewa maji. Mume akatoka chumbani na bandeji usoni. Phineas alisimama, akavua kofia, akasema kwa kile Kiingereza chake cha ubaoni kwamba kijana wetu amekukosea, tumekuja kunyenyekea mbele yako, tunaomba tukae tuzungumze. Honorata akapiga magoti na kuweka kitambaa cha kahawa mezani. Yule bwana hakusema mengi. Alimshukuru Tigi kwa kuja na kumpa mkono mlangoni, sisi wengine akatupungia. Tulirudi tukiimba.

Jumatano polisi walikwenda kumchukua Anatoli kazini. Dhamana ilikuwa imefutwa, kwa sababu eti ametuma watu kumtisha shahidi. Askari mmoja akafika kwa Honorata kuuliza nani na nani walikwenda. Honorata hajui kuficha kitu. Alichukua kalamu akaandika majina yote saba, na ya nani alikuwa dereva. Wiki iliyofuata zikaja samansi za kutuita mahakamani. Zilikuja sita.

Nakala ya taarifa ya polisi tuliisomea mezani kwangu. Iliandika kwamba watu weusi sita, wanaume watatu na wanawake watatu, wasiojulikana na wenye nyumba, waliingia ndani. Kwamba mmoja wao alikiri kosa kwa niaba ya mshtakiwa. Kwamba mwanamke mmoja alijitupa chini ghafla. Kwamba waliacha bunda la mbegu zisizotambulika, na mbegu hizo zimepelekwa kupimwa. Honorata aliposikia hapo pa kujitupa chini aliziba uso kwa viganja, akalia bila sauti. Nilitamani kuvunja kitu.

Yule kaka Mkongo alihesabu kwa vidole mara mbili. "Batu sita?" akauliza. "Na muzungu wetu banamuweka wapi?"

Sote tukamgeukia Tigi. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa barabarani. "Wamenisahau," akasema.

Wakili wa Anatoli alikuwa msichana wa kizungu aliyechoka, mafaili yamejaa kwapani. Hakuzunguka. Alisema jaji angemwamini Mzee Teague kuliko sisi sita tukijumlishwa. Lakini akisimama ataulizwa kama aliisoma amri ile, na akisema kweli, yeye ndiye aliyeivunja macho wazi, kwa hiyo anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo atafute wakili wake mwenyewe. Tigi akamtafuta, na huyo wakili wake akamwambia afunge mdomo. Akaufunga.

Mambo mengine yote aliyafanya. Aliwapeleka mabinti wa Anatoli shule na kuwarudisha. Alimpeleka Honorata gerezani kila siku ya kutembelea mahabusu. Aliandika barua za kumsifu Anatoli, kurasa nne, zenye tarehe na vipimo. Alipika kuku akaleta, na kuku mwenyewe hakuwa na chumvi. Alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho hakuna mwingine angeweza kukifanya. Watu kanisani wakasema, jamani, mzee wa watu anajitahidi. Mimi nikaacha kupanda basi lake. Nilikuwa nasimama kituoni kwenye baridi na Biblia yangu, naye anapita polepole, anasimama, anasubiri, kisha anaondoka.

Wiki ya mwisho ya Novemba uvumilivu ukaniishia. Jumamosi mchana, nikitoka kazini na sare yangu, nikaenda Falls Church kumgongea.

"Karibu, Mama Ryan," akasema. "Chai?"

"Sikuja kunywa chai, Mzee."

Nilikaa kwenye kiti kilekile nilichokuwa nakalia nikimlisha Ruth uji. Nikamwambia Anatoli amekonda, hoteli imeshampa kazi yake mtu mwingine, na binti yake mdogo ameacha kula mbele ya watu. Nikamwambia Phineas, mtu aliyefundisha vizazi viwili, sasa anaitwa mtishaji. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaenda kwenye kabati, akavuta droo na kutoa karatasi za zamani zilizokunjwa.

"Nataka nikuonyeshe kitu," akasema. "Kabla ya kupima kiwanja, ilibidi nisome hati zake. Hati nyingi za zamani za hapa zilikuwa na sentensi moja. Kiwanja hiki kisiuzwe wala kukodishwa kwa mtu mweusi. Sheria ilishaziondolea nguvu, lakini maneno yalibaki palepale. Mimi nilinakili mipaka, sentensi ile nikairuka. Nilijiambia kazi yangu ni mistari."

"Hati ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Wewe? Wewe hukuhesabu?"

Akazikunja tena zile karatasi, taratibu, kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Naogopa, Mama Ryan," akasema mwishowe. "Nina miaka sitini na miwili. Sijawahi kusimamishwa hata na polisi wa barabarani."

"Mimi nimesimamishwa mara nne mwaka huu nikienda kazini kwa miguu, na hii uniform nikiwa nimeivaa. Mzee, na siku ile uliusoma ule mstari. Niliona kidole."

"Niliusoma."

"Ukauelewa?"

"Niliuelewa. Lakini mlikuwa mmefurahi hivyo, na Phineas amekwisha kusema. Sikutaka kuwa mzungu anayewaambia wazee hapana."

Hapo hasira ikanipanda mpaka nikasimama. "Kwa hivyo ulituogopa sisi ukanyamaza, halafu ukawaogopa wao ukanyamaza tena. Na aliye ndani ni Anatoli. Sikiza, Mzee Tigi. Umetupenda karibu miaka arobaini. Nyimbo zetu unazijua, chapati zetu unazila. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ndiyo hii. Sisi tumeshasema tulikuwa saba. Honorata aliandika na mkono wake, hawakumsoma. Wewe ndiye watakusikiza, na usidhani hilo linanifurahisha, linanichoma. Lakini hiyo ni shida ya kwenu, si ya kwetu, na kwenu ndiko unatakiwa uende ukaseme."

"Naona aibu," akasema.

"Aibu kaa nayo hapa na chai yako. Tarehe kumi na mbili njoo kortini."

Niliondoka bila kumuaga vizuri. Kwenye basi nililia, kwa sababu nilijua namwomba mtu mzima ajitie kitanzi, na kwa sababu nilijua sina mwingine wa kumwomba.

Tarehe kumi na mbili Desemba tulifika wote sita saa moja na nusu asubuhi. Tigi hakuwapo. Saa tatu kasoro dakika moja akaingia, amevaa koti alilovaa siku ya kumzika Ruth, akakaa safu ya nyuma. Anatoli aliletwa na nguo za mahabusu, mikono mbele kwenye pingu. Alikuwa amekaa ndani siku arobaini na moja. Alimtafuta Honorata kwa macho, akampata, akainamisha kichwa.

Mwendesha mashtaka alisoma. Watu sita. Mbegu sasa zimetambuliwa kuwa kahawa, akasema, lakini kitendo chenyewe kinabaki kuwa cha kutisha. Anaomba Anatoli abaki ndani mpaka kesi kubwa, na maneno ya mzee Phineas yapokelewe kama kukiri. Wakili wetu alisimama kujibu, na kabla hajafungua faili, nikasikia kiti kimelia nyuma.

"Mheshimiwa, hesabu hiyo si sahihi," Tigi akasema kwa Kiingereza. "Tulikuwa saba."

Askari wa mahakama akamsogelea, lakini akamsogelea kwa adabu, mkono wazi, kama anamwonyesha mgeni mahali pa kukaa. Nilimwona kaka yetu Mkongo akimtazama yule askari, nikajua sote tunafikiri jambo moja. Jaji akauliza huyu ni nani. Tigi akataja jina lake, kazi aliyofanya na mtaa anaoishi. Wakili wetu akaomba aapishwe. Jaji akamwonya kwamba halazimiki kusema lolote linaloweza kumtia hatiani. Tigi akasema anaelewa, na akasimama pale mbele, masikio yamekuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyeendesha gari," akasema. "Mimi ndiye niliyezungumza kwanza mlangoni. Amri ya mahakama niliisoma kabla hatujaenda. Mama yule pale aliniuliza kama inatukataza. Nilijua inatukataza, nikamwambia haina neno. Bwana Rweyemamu hakututuma. Kama kuna mtu aliyeivunja amri hii akijua, ni mimi."

Jaji alimwita mke wa mlalamikaji, ambaye alikuwa amekaa mbele na mumewe. Akamwuliza kama alimwona bwana huyu nyumbani kwake siku ile.

"Ndiyo," yule mama akasema. "Alikuwa mtu muungwana sana."

"Mbona hayumo kwenye taarifa?"

Yule mama alifikiri. Sikuona ubaya usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha. "Askari aliniuliza walikuwa wangapi," akasema. "Nikamwambia sita."

"Na huyu?"

"Huyu hakuwa mmoja wao."

Mwendesha mashtaka aliinama akanong'onezana na mwenzake. Muda wa kuchemsha chai haukupita, akasimama kusema kwamba kwa kuzingatia maelezo mapya, upande wa mashtaka unaliona tukio hili kama jambo la nia njema lililoeleweka vibaya, na unaziondoa samansi zote sita. Zote sita, hivyo tu. Tulichofanya kilikuwa kosa kwa siku arobaini na moja, na alipoingia mzungu ndani yake kikawa nia njema.

Jaji akamshukuru Tigi, akamwambia anaweza kukaa. Tigi hakukaa.

"Mheshimiwa, nishtakiwe," akasema. "Kama lilikuwa kosa, tulikuwa saba na mimi ndiye niliyejua. Kama halikuwa kosa, naomba iandikwe kwamba halikuwa, kwa sababu kuna mtu amelala gerezani kwa ajili yake."

"Bwana Teague, hakuna anayekushtaki kwa lolote. Kaa chini."

"Basi iandikwe, Mheshimiwa."

Jaji akamwambia karani aandike kwamba haikuonekana nia ya kutisha, na kwamba dhamana ya mshtakiwa inarudishwa. Honorata akanishika paja akanifinya mpaka alama zikabaki.

Nje kwenye ukumbi watu walimzunguka Tigi. Mume na mke wa Lanham walimkumbatia, Phineas akamshika mikono yote miwili. Hata mwendesha mashtaka alipita akampa mkono, akamwambia ni ujasiri mkubwa. Mimi nilisimama pembeni, nimefurahi na nina hasira, sikujua nianze na ipi. Aliongea dakika tano. Sisi tulikuwa tumeongea wiki sita.

Kabla ya Krismasi upande wa mashtaka ulimletea Anatoli pendekezo. Kosa la kujeruhi lingefutwa kama angekubali kosa dogo la kuvuruga amani. Asingefungwa wala kufukuzwa nchini, ila uraia ungesubiri miaka mingine. Wakili alisema wakienda kwenye kesi kamili watashinda, labda. Anatoli aliuliza labda hiyo ni ya ukubwa gani. Wakili akafunga faili lake. Basi Anatoli akakubali kosa ambalo hakulifanya, ili alale nyumbani kwake.

Januari Tigi alikuja kwangu, Phineas akiwapo. Hakuwa ameingia nyumbani kwa Anatoli tangu mwenyewe atoke gerezani. Alikuwa anawaacha mabinti mlangoni na kuondoka. Alitaka kwenda kuomba radhi, na alitaka kwenda inavyotakiwa.

"Mkosaji haendi mwenyewe," akasema. "Nami sina wazee. Naomba ninyi muwe wazee wangu."

Phineas alikubali papo hapo. Mimi nilimwangalia Tigi kuanzia viatu mpaka masikio.

"Nitakusindikiza," nikasema. "Lakini neno lako sitakusemea hata moja."

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Mabinti walikuwa wameenda kwa rafiki yao. Anatoli alikuwa amekaa kwenye kochi, shati limemzidi. Honorata alitukaribisha kwa adabu, bila kupiga magoti. Phineas alitaka kuanza, nikamkanyaga mguu. Tigi akasimama.

"Niliusoma mstari ule nikauelewa," akasema. "Niliogopa kuwaambia hapana. Halafu niliogopa kusema ni mimi. Zile siku arobaini na moja ulizikaa wewe, Anatoli, lakini zilikuwa zangu. Sina la kuzirudisha."

Anatoli akamgeukia mkewe. "Mama, lete ile kahawa."

Honorata akaleta kahawa ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa polisi, kibandiko chenye namba kimebandikwa juu. Walimrudishia na kitambaa chake. Anatoli aliuchana mfuko kwa kisu cha jikoni, akamimina mbegu kwenye sahani. Harufu ilikuwa imekwisha. Kisha akaanza kutuhesabu kwa kidole, bila haraka: Phineas, mimi, mkewe, halafu akajigusa kifuani.

"Wanne," akasema. Akagawa buni nne, akaanza kutafuna yake.

Tigi alikuwa bado amesimama, mkono nusu mbele. Sikumtazama usoni, sikuweza. Nilitazama vile viatu vyake vya soli mpya.

"Nami nipo, Anatoli," akasema polepole.

"Upo," Anatoli akasema. "Siku ile pia ulikuwapo."

Akatafuna mpaka akamaliza, akameza. Kisha akachukua buni ya tano, akamwekea kiganjani.